Mgeni na Ardhi ya Mbezi Beach

Mwezi wa Shaabani uliopita nalipata mgeni kutoka Maskati. Ni mtoto wa ami yangu, mtu mzima mwenye wajukuu, aliyezaliwa Unguja akachukuliwa na baba yake kwenda Omani baada ya mwaka 1964, angali mdogo. Huko akakua, akasoma, akafanya kazi, na akawa raia wa nchi ile. Kiswahili chake hakikupungua hata neno moja, na sala zake za sunna nazo ni zile alizofunzwa na bibi yetu. Dada yake mkubwa, aliyekuwa ameolewa Magomeni wakati wa msukosuko ule, alibaki, na yuko Magomeni hadi leo.

Safari hii hakuja kuzuru tu. Alikuwa na akiba ya kazi ya miaka thelathini, na nia ambayo kwa muda mrefu alikuwa akinieleza kwa simu: anunue kiwanja kando ya bahari, ajenge nyumba ya vyumba vinne, ili apate kukaa nusu ya mwaka karibu na dada yake katika uzee wao. Mahali alipopachagua kabla hata ya kupaona ni Mbezi Beach. Nimeona niwaandikie wasomaji khabari za siku zile nne tulizozunguka pamoja, kwani katika nyumba nyingi za Waislamu wa pwani hii yupo ndugu wa namna hii, awe Maskati, Dubai, London au Toronto, na ipo nia kama hii.

Siku ya kwanza ilianza kwa kicheko. Mgeni wetu alikuwa amemwambia dereva "Mbezi" tu, naye dereva akampeleka Mbezi ya njia ya Morogoro, penye stendi kuu ya mabasi iliyofunguliwa mwaka 2021, mbali na bahari kama mashariki na magharibi. Mwenye kwenda pwani hana budi kusema Mbezi Beach. Nalimngojea Mwenge hata adhuhuri ikaingia, tukasali hapo, kisha tukashika barabara ya Bagamoyo kuelekea kaskazini, tukapita kambi ya Lugalo, na vituo vyenye majina ambayo mgeni aliyapenda sana: Makonde, Tangi Bovu, hata tukashuka Afrikana.

Mtu aliyeijua Mbezi Beach ikiwa mashamba ya minazi na mikorosho, leo ataona ajabu. Upande wa bara wa barabara ile kubwa nyumba zimepanda mlimani. Upande wa bahari zimo kuta ndefu, milango ya chuma, mibogenvilia iliyoning'inia, na ndani ya kuta hizo majumba ya ghorofa mbili na tatu. Wakubwa wa serikali, wafanya biashara na watumishi wa mashirika walianza kujenga huku zamani kidogo, na wageni wa kila taifa wakafuata kupanga. Lakini katikati ya majumba hayo mna vijia vya mchanga, mna mama wanaokaanga mihogo na samaki, mna mafundi wa milango, na mna misikiti ambayo adhana zake hupishana kidogo kidogo wakati wa alasiri. Ndugu yangu alisimama kusikiliza, akasema, "Hapa ndipo."

Dalali alikuwa akitungojea chini ya mwembe. Kijana mpole, mwenye maneno mengi, akamwamkia ndugu yangu shikamoo, akamwita sheikh, na akatupeleka moja kwa moja mpaka kwenye kiwanja alichokisifu kwa simu. Kweli kilikuwa kizuri. Maji yalikuwa karibu hata mtu akirusha jiwe lingetumbukia baharini. Na hapo ndipo palipokuwa na aibu ya kwanza, kwani Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Nalipomwuliza dalali khabari ya mita hizo, alitazama bahari kana kwamba ni mara yake ya kwanza kuiona, akasema kuwa majirani wote wamejenga.

Wasomaji vijana pengine hawajui jina Afrikana limetoka wapi. Palikuwa na hoteli kubwa ufukoni, iliyoitwa Africana, ambayo watalii walikuja kutoka Ulaya kupumzika ndani yake. Bahari ikaula ufuko mwaka hata mwaka, mpaka hoteli ikaachwa. Wataalamu waliochunguza pwani hii wametaja, pamoja na nguvu ya mawimbi, uchimbaji wa mchanga katika mito midogo kama Mbezi na Tegeta. Mchanga ambao ungeshuka na kuulisha ufuko ulipakiwa katika malori ukaenda kujenga nyumba. Hoteli imekwisha, jina limebaki njia panda, na makondakta huliita mara mia kwa siku.

Basi tukakiacha kiwanja cha majini. Dalali akatuonyesha cha pili, mbali kidogo na bahari, chenye hati, mipaka ya mawe, na mwenyewe mzee mstaafu aliyetaka kuhamia kwa watoto wake. Bei walipatana nusu. Hapo ndugu yangu akauliza swali lililokuwa rohoni mwake tangu Maskati: "Na mimi, mwenye pasi ya Omani, hati itaandikwa jina langu?"

Dalali akacheka. "Sheikh, hilo lisikusumbue. Huna ndugu raia? Tunaandika jina lake, nyumba ni yako. Huku watu wote ndivyo wafanyavyo."

Mimi nalinyamaza, wala sikuwa na jibu. Usiku ule, Magomeni, ndugu yangu alilieleza jambo hilo mbele ya dada yake na mpwa wake, mwalimu wa shule, mtu wa miaka hamsini, mwenye mke na watoto watano. Jina lililokusudiwa lilikuwa lake. Dada mtu alifurahi, akaona kwamba kaka yake amekwisha kuwa jirani. Lakini yule mpwa alikaa kitambo akitazama jamvi, kisha akasema:

"Mjomba, mimi sikatai kukusaidia. Lakini nikifa mimi kesho, watoto wangu wataikuta hati ina jina la baba yao. Nani atakayewaambia kuwa nyumba ile si mirathi yao? Na wewe ukifa, binti zako walioko Maskati watakuja kudai kwa karatasi gani? Mke wangu naye ana haki zake. Mimi naogopa kubeba kitu ambacho sitaweza kukirudisha."

Mama yake aliudhika, tena sana. Alisema, "Kwa hiyo kaka yangu hana kwao?" Hakuna aliyemjibu, na kahawa ikapoa.

Asubuhi tulikwenda kwa wakili, Mwislamu mwenzetu, ambaye kazi yake ya kila siku ni hati na viwanja. Nitaeleza aliyotufahamisha kwa urefu kidogo, kwa sababu ndiyo maneno ambayo madalali hawayasemi.

Jambo la kwanza, alisema, ni kwamba Tanzania Bara hakuna mtu anayeimiliki ardhi yenyewe, awe raia au mgeni. Waingereza mwaka 1923 walitunga sheria iliyoifanya ardhi yote kuwa ya umma, illa ile iliyokuwa imekwisha kutolewa milki ya daima tangu wakati wa Wajerumani. Baada ya uhuru, mwaka 1963, milki hizo za daima nazo zikaondolewa zikafanywa za miaka 99. Mwalimu Nyerere alikuwa ameandika juu ya jambo hilo tangu mwaka 1958, katika maandishi yaliyoitwa Mali ya Taifa. Aliogopa kwamba ardhi ikiwa bidhaa ya kununuliwa na kila mwenye fedha, utafika wakati ambapo matajiri, wengi wao wageni, wataishika yote na wenyeji watakuwa wapangaji katika nchi yao. Mtu aweza kumpinga Mwalimu katika mengi, na wapo wazee wa mjini ambao mpaka leo hawajasahau mwaka 1971, zilipotaifishwa nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Lakini juu ya khofu ile ya mwaka 1958, akitembea Mbezi Beach leo na kusoma bei za viwanja kwa dola, hatashindwa kuielewa.

Sheria inayotumika sasa ni Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, iliyoanza kazi mwezi wa Mei 2001. Kwa sheria hiyo ardhi yote ni mali ya umma, na Rais ameishika kama mdhamini kwa niaba ya raia wote. Raia hupewa haki ya kuikalia na kuitumia kwa muda, miaka 33, au 66, au 99, na kila mwaka hulipa kodi ya pango la ardhi. Ndugu yangu aliposikia neno pango alicheka, akasema, "Kumbe hata yule mzee mwenye kiwanja ni mpangaji!" Wakili akajibu, "Ndiyo, mpangaji mwenye mkataba mrefu." Wanafunzi wa fiqhi hapa watakumbuka mlango wa ijara, ambamo kinachouzwa ni manfaa ya kitu kwa muda unaojulikana, na kitu chenyewe hubaki kwa mwenyewe. Si jambo moja kabisa, lakini ni jirani zake.

Ama mtu asiyekuwa raia, sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 20, imesema hatapewa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Ardhi ya namna hiyo hutengwa, hutangazwa katika Gazeti la Serikali, na kukabidhiwa kwa chombo cha uwekezaji cha taifa, nacho humpa mwekezaji haki inayotokana na ile iliyo mikononi mwake. Chombo hicho kwa miaka mingi kilikuwa Kituo cha Uwekezaji. Mwaka 2025 kiliunganishwa na mamlaka ya maeneo maalumu ya kiuchumi kikawa mamlaka moja. Muda ukiisha, haki hurudi huko huko ilikotoka. Mwenye kutaka kujenga kiwanda au hoteli njia yake ni hiyo. Lakini nyumba ya vyumba vinne ya kukaa na dada yako si uwekezaji, hata uipambe vipi kwenye karatasi. Wala hila ya kuanzisha kampuni haifai, kwa sababu kampuni ambayo sehemu kubwa ya hisa zake ni za wasiokuwa raia, nayo huhesabiwa kuwa si raia.

"Na jina la mpwa wangu?" akauliza ndugu yangu.

Wakili alivua miwani. Alisema kuwa amekwisha kuona nyumba tatu za namna hiyo, na katika zote tatu walioteta mahakamani walikuwa jamaa wa damu. Aliyetoa fedha anapokwenda kudai, huulizwa haki yake ni ipi. Naye akisema kweli, amekiri kwamba alikusudia kupata kile ambacho sheria imemnyima. Karatasi ya siri waliyoandikiana nyumbani hugeuka kuwa ushahidi juu yake mwenyewe. Tena mwenye jina aweza kuwa mwaminifu kama dhahabu, lakini madeni yake si ya siri: mwenye kumdai akipata hukumu, atakamata kilichoandikwa jina lake. Mkewe naye, ikiwa wameishi katika nyumba ile, ana haki chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo imezuia nyumba ya ndoa kuuzwa bila ya ridhaa ya mwenzi. Na hata katika mirathi iliyo safi, imepata kuamuliwa mahakamani kwamba mrithi asiyekuwa raia hawezi kurithi ardhi yenyewe.

Nalitoka pale nikiwaza yale ambayo mwalimu wetu aliyasema usiku kabla ya kusikia sheria yoyote. Surat An-Nisaa, yenye mafungu ya mirathi, ndiyo hiyo hiyo yenye amri ya kurudisha amana kwa wenyewe. Sisi huzisoma aya hizo katika khitma na matanga, kisha tukaenda kuandikisha nyumba kwa jina la mtu ambaye si mwenyewe, na kuwaacha mabinti walioko ng'ambo bila ya hata cheti cha kushika. Na kabla ya mirathi ipo saini: mwenye kutia saini mbele ya ofisa kwamba yeye ndiye mnunuzi, na hali akijua si yeye, ametoa ushahidi wa namna gani? Dalali alisema watu wote hufanya hivyo. Pengine ni kweli; na katika mawe ya mipaka ya Mbezi Beach, Mungu ndiye ajuaye mangapi yamesimama juu ya maneno ya namna hiyo.

Ndugu yangu hakukasirika kama nilivyotazamia. Njiani aliniambia, "Mdogo wangu, hata kwetu Omani hali ni karibu na hii. Mgeni hununui popote utakapo. Tangu amri ya mwaka 2006 ameruhusiwa kumiliki katika majengo ya kitalii yaliyotengwa. Nami nalikuwa nikiona ni haki kabisa, madhali mgeni alikuwa mtu mwingine." Dubai nako, kwa sheria ya mwaka huo huo, wageni wana maeneo yao maalumu. Kenya, katiba ya mwaka 2010 humpa asiyekuwa raia ardhi kwa kukodi tu, isiyozidi miaka 99. Zanzibar ina sheria zake za ardhi, mbali na za Bara, na mwenye kutaka huko aulize huko huko, asichukue jibu la Dar es Salaam akavuka nalo bahari.

Liko jambo moja ambalo wakili alilitaja kwa tahadhari, nami nitalitaja hivyo hivyo. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na wengi waliochukua uraia wa nje walijikuta wageni mbele ya ardhi ya baba zao. Mwaka 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria yenye kuwapa hadhi maalumu watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia mwingine, na Sheria ya Ardhi ikaguswa humo. Wakili alimshauri ndugu yangu apeleke maombi, aonyeshe cheti chake cha kuzaliwa, angojee jibu kwa maandishi, wala asitoe hata shilingi moja ya kiwanja kabla ya hapo. "Msijenge juu ya tetesi," alisema.

Siku ya tatu hatukutafuta nyumba. Tulikwenda Kunduchi, mwendo mfupi kaskazini ya Mbezi Beach, kuzuru magofu. Upo msikiti wa kale wa mawe ya matumbawe, na makaburi yenye nguzo, chini ya mibuyu, ambayo wajenzi wake waliyapachika sahani na bakuli kutoka Uchina. Nyingi zimeng'olewa, yamebaki matundu ya mviringo kwenye chokaa. Tulisoma Fatiha. Ndugu yangu alitia kidole ndani ya tundu moja akauliza waliozikwa hapa walikuwa watu wa wapi. Nalimwambia walikuwa watu wa Kunduchi. Pwani hii mtu alikuja na jahazi, akapanga chumba kwa mwenyeji, akasali nao, akaoa kwao, na wajukuu wake wakawa wenyeji. Kuulizana pasi kulikuja baadaye sana.

Siku ya nne tulipata nyumba ya kupanga. Si ya ufukoni, ila iko upande wa bahari, mwendo wa dakika tano hadi msikitini kwa mtu mwenye magoti mabovu. Mwenyewe ni mama mjane, anaishi katika nyumba kubwa, na ile ndogo ya nyuma huipangisha. Wakili alipekua kwanza katika daftari la Msajili wa Hati, akathibitisha kuwa jina la yule mama ndilo lililomo wala hapana rehani juu yake. Jambo hili la kupekua wapangaji wengi huliacha, wakidhani ni la wanunuzi tu. Kisha siku moja hujikuta nje na masanduku yao kwa deni la mtu mwingine. Mkataba uliandikwa wa miaka miwili: kodi kwa shilingi, hulipwa kwa miezi sita, nani atengeneze paa likivuja, nani alipe maji, na ikiwa mmoja wao atafariki, warithi wake watapewa muda gani. Yule mama aliona kipengele hicho cha mwisho kuwa mkosi kidogo. Mpwa wetu, ambaye ndiye aliyekisisitiza, alimkumbusha kwa adabu ile aya ya deni katika Surat Al-Baqara, aya ndefu kuliko zote katika Msahafu, nayo yote ni kuandika na kushuhudia. Mama akacheka, akatia saini. Mashahidi walikuwa wawili, mmoja jirani na mmoja imamu wa msikiti ule.

Dalali naye alikuja kudai ujira wake, akapewa, kwani nyumba hii ni yeye aliyeitaja mwishoni, kwa shingo upande.

Jioni alikuja dada mtu kutoka Magomeni, na birika la kahawa na kashata. Alikuwa bado na kinyongo. Alikagua jiko, akagusa kitasa cha mlango, akauliza kodi ni kiasi gani, na alipoambiwa alisikitika. Kisha tukatoka polepole hadi mwisho wa kijia, mahali pa wazi ambapo bahari huonekana. Kisiwa cha Mbudya kilikuwa mbele yetu, na ngalawa mbili zikirudi. Maghribi ilikuwa bado kidogo. Bibi yule alisimama kwa fimbo yake, akatazama, akamwuliza kaka yake Unguja iko upande gani. Naye akanyosha mkono kaskazini, kupita Mbudya, kwenye maji matupu.